Kabla hujanunua deki ya mfumo uliokufa

Karibu kila wiki hufika mtu katika karakana yetu akiwa na swali lilelile, ingawa kila mmoja huliuliza kwa namna yake: huyu ameona deki ya VHS inauzwa na anataka kujua kama aichukue, yule amerithi boksi la sahani kubwa za LaserDisc zisizo na mashine ya kuzichezesha, na mwingine amesikia kwamba kanda zimeanza kupendwa tena na asingependa kupitwa. Kazi yetu ni kutengeneza mashine hizo na kuhamisha picha zilizomo kwenye kanda ziwe faili za kompyuta, kwa hiyo tunapata riziki ukinunua na tunapata riziki usiponunua. Ni vyema msomaji alijue hilo kabla hajausikiliza ushauri wetu. Sisi humrudishia mteja swali: unachokitaka ni picha, au ni mashine yenyewe? Anayetaka picha mara nyingi hana haja ya kununua chochote. Anayetaka mashine anapaswa kuelewa kwamba kwa kweli hanunui mfumo, kwa sababu mfumo haupo tena. Ananunua vipuri vilivyosalia ndani ya boksi moja, pamoja na kazi ya kuvitunza.

Tunaposema mfumo umekufa hatuna maana kwamba kanda zimeacha kucheza, bali kwamba viwanda vimefungwa nyuma yake. Betamax ya Sony iliingia sokoni mwaka 1975 na VHS ya JVC ikafuata mwaka 1976. Sony iliacha kutengeneza mashine za Betamax mwaka 2002, ila ikaendelea kuuza kanda tupu hadi Machi 2016. Miezi michache baadaye, Julai 2016, kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo iliyokuwa imebaki peke yake ikitengeneza deki za VHS, nayo ikasimamisha kazi hiyo, na miongoni mwa sababu ilizozitoa ni kwamba vipuri vilikuwa vimekuwa vigumu kupatikana. Sababu hiyo inastahili kutafakariwa na kila anayetaka kununua deki leo. Ikiwa kiwanda kilichokuwa kikiagiza vipuri kwa maelfu kilishindwa kuvipata wakati ule, mtu mmoja anayehitaji kipuri kimoja hana pa kukitoa isipokuwa ndani ya deki nyingine iliyokufa. Ndiyo maana rafu zetu za nyuma zimejaa mizoga ya deki ambayo hatuitupi.

Kipuri kinachotuhangaisha kuliko vyote ni hedi. Ndani ya deki ya VHS mna silinda ya chuma inayong'aa, yenye kipenyo cha milimita 62, ambayo huzunguka mara 1,500 kwa dakika katika mfumo wa runinga wa PAL na takriban mara 1,800 katika mfumo wa NTSC. Kanda yenyewe hutambaa polepole, milimita 23 na kidogo kwa sekunde katika PAL, lakini kwa kuwa silinda inazunguka kwa kasi na imelazwa kimshazari, hedi zilizopachikwa ubavuni mwake hupita juu ya kanda kwa mwendo wa karibu mita 5 kwa sekunde, zikisoma mistari ya sumaku yenye upana wa maikromita 49, ambao kwa kawaida ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu. Hedi hizo huchomoza kidogo mno nje ya silinda, na kila kanda inayopita huzisugua. Picha ikijaa chenga ghafla, hasa baada ya kuchezesha kanda kuukuu, huenda hedi zimechafuka tu, na hapo tiba ni kipande cha ngozi laini kilicholowa spiriti ya isopropili, kinachoshikiliwa kwa utulivu kwenye silinda huku silinda ikizungushwa kwa mkono, wala kisisuguliwe kamwe kwenda juu na chini. Chenga zikiwa zimeongezeka taratibu kwa miaka, hedi zimelika, na hedi iliyolika haisafishiki wala haichongwi upya kwenye meza ya fundi.

Mpira una tabia tofauti na hedi, kwa maana kwamba hedi huhesabu saa za kazi ilhali mpira huhesabu miaka. Mikanda midogo inayozungusha mota, magurudumu yanayogeuza vikombe ambavyo kanda huzungushiwa na rola inayoibana kanda ili isogee sawasawa vyote huzeeka hata mashine ikiwa kabatini. Vingine hukauka na kuwa kama plastiki, vingine huyeyuka na kuwa uji mweusi unaonata kwenye vidole. Kwa sababu hiyo, tangazo linalojigamba kwamba deki haijawahi kutumika na bado iko ndani ya boksi lake halitupi furaha linayokusudia kutupa. Deki iliyokuwa ikitumika mara moja moja na kusafishwa mara nyingi hutufikia ikiwa na afya kuliko ile iliyofungwa kwa miaka 30.

Tuliwahi kumpokea mteja ambaye alinunua deki ya mtumba kwa lengo moja tu, kutazama kanda ya harusi ya wazazi wake, na ile kanda ya harusi ndiyo aliyoitia kwanza ndani ya mashine ile. Mikono ya deki iliivuta kanda nje ya kasha lake na kuizungushia silinda kama inavyotakiwa, picha ikatokea, na kwa muda mfupi mambo yakaonekana mazuri. Lakini gurudumu la mpira lililopaswa kugeuza kikombe cha kupokelea lilikuwa limekauka, likawa linateleza bila kukigeuza, na kanda ikaendelea kumwagika ndani ya mashine kama tambi. Alipobonyeza kitufe cha kutoa, mlango ukajifunga juu ya kanda iliyokuwa nje. Aliileta deki yote kwetu bila kuigusa tena, na huo ndio uamuzi uliookoa kilichookoka. Tulifungua, tukaikunjua kanda sentimita kwa sentimita, na tukakuta sehemu ya sentimita 30 imekunjika kiasi cha kutosomeka, ambayo kwa kanda ya PAL ni sekunde 13 hivi za arusi hiyo. Hatukuunganisha pande mbili kwa gundi, kwa sababu kiungo kinachopita kwenye silinda kinaweza kuvunja hedi. Tuliigawa kanda katika makasha mawili, tukahamisha kila nusu peke yake, kisha tukaziunga picha kwenye kompyuta. Sekunde 13 hazikurudi. Gurudumu lililosababisha hayo yote ni dogo kuliko kifungo cha koti.

Kuhusu saketi hatutasema mengi. Kapasita huvimba na kuvuja, viungo vya risasi hupata nyufa, na gia za plastiki huvunjika meno, lakini kapasita bado zinatengenezwa na fundi wa kawaida wa redio anaweza kuzibadilisha.

Mifumo yenyewe haifanani, na ushauri wetu hubadilika kulingana na unaouulizia. VHS ndiyo yenye unafuu kuliko mingine yote ya kanda, si kwa ubora wa picha bali kwa wingi: deki zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo mizoga ya kutolea vipuri bado ipo, na mafundi wanaozijua bado hawajaisha. Wenye uwezo wa kuchagua tunawaelekeza kwenye deki ya S-VHS, iliyotoka mwaka 1987, kwa kuwa inacheza kanda za kawaida pia na ina tundu la S-Video linalotoa mwangaza na rangi kwa njia mbili tofauti. Betamax ni mashine iliyojengwa vizuri, na wanaoipenda wana sababu za kuipenda, ila mzoga wake kuupata ni kazi. Video 2000, ya Philips na Grundig, ilikuwa na kanda inayogeuzwa upande wa pili kama kaseti ya sauti, na tunaitaja hapa ili tu kumwambia anayeifikiria kwamba sisi wenyewe hatuna vipuri vyake.

Upo pia mfumo wa CED wa kampuni ya RCA, uliotoka mwaka 1981, ambao ulihifadhi picha ndani ya mifereji ya sahani na kuisoma kwa sindano, kama santuri. Sindano hulika, mifereji hulika, na kila unapotazama unapunguza kitu. RCA iliacha kutengeneza mashine zake mwaka 1984. Tunauheshimu kwa ubunifu wake na hatumshauri mtu yeyote aununue, labda awe mkusanyaji wa makumbusho.

HD DVD, sahani ya filamu iliyoshindana na Blu-ray, ni habari ya kinyume chake. Toshiba iliutangaza mwisho wake tarehe 19 Februari 2008, chini ya miaka 2 tangu mashine ya kwanza kuuzwa, na kwa kuwa picha yake ni ya dijitali iliyo safi, mtu anaweza kudhani kwamba ni ununuzi wa busara. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya filamu zilizotoka humo zilitoka pia kwenye Blu-ray kwa ubora uleule au zaidi, na kati ya sahani zake zimo ambazo leo zimegoma kusomeka kabisa. Utakuwa umenunua usumbufu bila kupata cha pekee.

Katika LaserDisc tunakiri kwamba moyo wetu una upendeleo. Ni sahani yenye kipenyo cha sentimita 30, iliyoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1978, na ingawa husomwa kwa leza, picha yake si ya dijitali bali ni ya analogi, yenye ukali wa mistari takriban 425 kwa ulalo katika NTSC ikilinganishwa na 240 hivi ya VHS. Kwa kuwa hakuna kinachogusa sahani, kuitazama hakuifanyi ilike. Sahani za aina inayoitwa CAV huchukua nusu saa tu kila upande katika NTSC, lakini kila mzunguko mmoja wa sahani ni picha moja kamili, kwa hiyo unaweza kuisimamisha picha ikatulia tuli bila kutetemeka, jambo ambalo kanda haikuliweza. Maelezo ya sauti yanayosimulia filamu huku filamu ikiendelea, ambayo wengi huyafahamu kutokana na DVD, yalianza humo mwaka 1984, na baadhi ya simulizi za wakati huo hazijatolewa tena mahali pengine popote. Hicho ni cha pekee, na mwenye kukitaka ana hoja.

Lakini mwenye hoja hiyo na ajue anachokikaribisha nyumbani. Filamu ya saa mbili humlazimu mtazamaji kugeuza sahani katikati, isipokuwa mashine yake iwe na leza inayohama upande yenyewe. Mashine za awali zilitumia leza ya mrija wa gesi ya heliamu na neoni, na mirija hiyo mingi imekwisha kufa; kuanzia mwaka 1984 Pioneer ilileta leza ndogo ya nusukipitishi, na sisi hatumshauri mtu anunue ya kabla ya hapo. Pioneer yenyewe ilitangaza kuachana na mashine hizo Januari 2009. Halafu upo ugonjwa wa sahani zenyewe: kila sahani ni nusu mbili zilizogandishwa kwa gundi, na gundi hiyo ikiruhusu hewa kupenya, tabaka la alumini huoza, na kwenye picha huanza kuonekana vidoadoa vya rangi vinavyometa kama mvua nyembamba. Uozo huo hauna dawa. Mnunuzi wa sahani za LaserDisc anapaswa kuitazama sahani ikicheza kabla ya kulipa, kwa sababu kwa macho matupu uozo wa mwanzo hauonekani.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni runinga. Deki hizi zilitengenezwa kwa ajili ya runinga za chogo, zilizochora picha mstari mmoja na kuruka mmoja, kisha kurudi kujaza ile iliyorukwa, na kwenye kioo cha aina hiyo kasoro za kanda hufichika vizuri. Runinga bapa ya sasa hulazimika kuibashiri mistari iliyorukwa na kuitanua picha mara kadhaa, na matokeo yake ni uso wa mtu unaoonekana kama umepakwa nta. Isitoshe, runinga nyingi mpya hazina tena matundu ya njano, nyekundu na nyeupe, kwa hiyo utahitaji kibadilishi, na vibadilishi rahisi ndivyo vinavyoiharibu picha kuliko deki yenyewe. Wapo wateja waliotuletea deki nzima kabisa wakilalamika kwamba ni mbovu; tulipoiunganisha na runinga ya chogo iliyopo karakanani walinyamaza.

Kwa hiyo ni nani anunue? Kwa maoni yetu wapo watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayejua jina la kitu anachokitafuta na amehakikisha kwamba hakipo kwenye DVD, Blu-ray wala mtandaoni: filamu ambayo haikutolewa upya, toleo lililokatwa kwa namna tofauti, kipindi ambacho mtu alikirekodi kutoka hewani na kituo chenyewe hakikukihifadhi. Wa pili ni yule anayefurahia kufungua mfuniko, ambaye kwake kubadilisha mkanda wa mpira si gharama bali ni starehe ya jioni. Asiyekuwa mmoja wa hao wawili, na anayevutwa tu na hamu ya kuonja enzi zile, atatosheka kuazima deki kwa mwishoni mwa juma.

Mwenye boksi la kanda za familia hayumo katika makundi hayo, naye ndiye anayetuuliza mara nyingi kuliko wote. Kwake tunasema wazi: usinunue deki, hamisha kanda. Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilitoa waraka mwaka 2015 ikionya kwamba maudhui ya kanda ambayo yangekuwa hayajahamishwa kufikia mwaka 2025 yangekuwa hatarini kupotea, na onyo hilo lilihusu mashine na mafundi kama lilivyohusu kanda. Watu hudhani kwamba sumaku ndiyo inayofifia, ilhali mara nyingi kinachoshindwa mapema ni gundi inayoshikilia unga wa sumaku kwenye plastiki. Ikifyonza unyevu hulainika, na unga hubaki kwenye hedi badala ya kubaki kwenye kanda. Kuvu nayo hupenda kanda zilizolazwa mahali penye unyevunyevu, na huonekana kama vumbi jeupe kupitia kidirisha cha kasha. Kanda yenye kuvu usiitie ndani ya deki yoyote, kwa maana utaambukiza kila kanda itakayofuata.

Kuhamisha hakuna njia ya mkato: saa moja ya kanda huchukua saa moja, pamoja na muda wa kuisafisha na kuipeleka mbele na nyuma mara moja ili ilegee. Kati ya deki na kompyuta tunaweka kifaa kinachosawazisha muda wa kuanza kwa kila mstari, kwa sababu kanda iliyonyooka vibaya hufanya kingo za milango na nguzo ziyumbe kama zinatazamwa kupitia moshi. Kanda za MiniDV, zilizotoka mwaka 1995, zina bahati zaidi: picha yake tayari ni ya dijitali, hivyo huhamishwa kwa waya wa FireWire bila kupoteza chochote, takriban gigabaiti 13 kwa kila saa, ilimradi ipatikane kamera inayoweza kuichezesha. Kanda ya asili tunamrudishia mwenyewe na tunamsihi asiitupe. Filamu za dukani zenye haki za wenyewe hatuzinakili.

Ukiwa umeamua kununua, nenda na kanda usiyoijali. Iingize, ichezeshe kwa dakika 10, iambie irudi nyuma hadi mwanzo na iende mbele hadi mwisho, na usikilize: mlio unaopungua kasi kuelekea mwisho ni mpira unaoteleza, na kilio chembamba ni mota au beringi iliyokauka. Itoe kanda na uitazame ukingo wake kwenye mwanga; ukingo uliokuwa umenyooka na sasa una mawimbi umeliwa na rola iliyopinda. Nusa matundu ya hewa. Muulize muuzaji kama mashine ni ya PAL, NTSC au SECAM, kisha uthibitishe mwenyewe kwenye kibandiko cha nyuma, kwa kuwa deki ya NTSC pekee haitakuonyesha ipasavyo kanda ya PAL hata ikiwa mpya. Kama ilitoka mahali pa baridi na kuingia penye joto, iache saa kadhaa kabla ya kuiwasha, maana umande ukitua kwenye silinda kanda hunata papo hapo.

Na uulizie rimoti. Katika deki nyingi za miaka ya mwisho, vitufe vya mbele vimebaki vya kuwasha, kucheza na kutoa tu, huku menyu ya kuchagua mfumo wa runinga na marekebisho ya picha vikifikiwa kwa rimoti peke yake. Deki ya namna hiyo ikitufikia bila rimoti, siku ya kwanza tunaitumia kutafuta rimoti.